Nilibaki na Mwisho wa Sala

Binti yetu alifariki asubuhi, wauguzi wakiwa wanabadilishana zamu, katika hospitali moja hapa Moshi. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Madaktari walikuwa wametueleza mapema, kwa upole, na sisi tukaitikia kama watu walioelewa. Alikuwa ameanza darasa la kwanza. Kwa kuwa hakuweza kukimbia, wenzake walimpa kazi ya kuamua nani ameshinda, na kazi hiyo aliifanya kwa ukali.

Mke wangu alitoka nje ya wodi. Mimi nilibaki nikimtazama muuguzi akikunja shuka. Nilisubiri kitu kinipate. Nimewaona watu wakianguka chini msibani, wakishikwa mikono na ndugu. Mimi nilisimama pale nikifikiri kwamba nimeacha dirisha la karakana wazi na mawingu yametanda.

Mimi ni seremala. Karakana yangu iko Majengo, na natumia banda moja na fundi wa makochi, Mwislamu, mzaliwa wa mtaa huohuo. Mimi hutengeneza vitanda, milango, madirisha, na watu wakifiwa, majeneza. Siku ile nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja bandani. Mwenzangu aliponiona alijua, hakuuliza.

"Kaa hapo," aliniambia. "Hili nitalifanya mimi."

"Nitalifanya mwenyewe."

"Fundi, huyu ni mtoto wako."

"Najua ni mtoto wa nani."

Alinitazama, kisha akashika upande mmoja wa ubao, mimi nikashika wa pili. Ulikuwa mninga niliouweka kwa ajili ya mlango wa mteja. Tulipima, tukakata. Adhana ilipolia alikwenda msikitini, akarudi mikono bado ina maji, akaendelea pale alipoachia. Nililipiga jeneza msasa mpaka ndani, mahali ambapo huwa hatupigi kwa sababu hakuna anayepaona. Mikono yangu ilijua kila kitu. Ilikuwa kama mikono ya mtu mwingine na mimi nimekodiwa kuitazama.

Tulimzika kijijini Kilema, kwenye kihamba cha baba yangu, yaani shamba letu la ukoo, kati ya kahawa na migomba, kando ya kaburi la baba. Mvua ilikuwa imenyesha na wabebaji walikwenda polepole kwa sababu ya utelezi. Padre alisali. Wanawake waliimba. Nilishika udongo, nikautupa, nikapangusa mkono kwenye suruali. Mtu fulani alinikumbatia akalia begani kwangu, nami nikampapasa mgongo, nikimbembeleza yeye.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa sala. Kwenye jumuiya yetu mimi ndiye niliyekuwa nikiombwa kufunga sala, maana maneno yalikuwa yananijia yenyewe. Nilimwombea mtoto yule kwa maneno mengi na mazuri. Baada ya matanga, jumuiya ilikuja kusali nyumbani kwetu, na mwishoni mama mmoja akasema, kama ilivyokuwa desturi, "Fundi, tufungie."

Nilisimama. Nikafumbua kinywa. Sikuwa na hasira na Mungu. Ningekuwa na hasira ningekuwa na la kumwambia. Ilikuwa kama kupiga simu ambayo hata haiiti. Watu walikuwa wameinamisha vichwa wakisubiri, na nje pikipiki ilikuwa inapandisha mtaa. Mwishowe mke wangu alinishika mkono wa shati akasema, "Amina." Wote wakasema amina. Wakanywa chai, wakaondoka.

Miezi ilipita hivyo. Nilikwenda kazini, nikarudi. Nilikwenda misani, nikakaa panapokaliwa na kusimama panaposimamwa. Mke wangu alikuwa akilia jikoni na mimi namsikia, naenda kusimama mlangoni, nasimama tu. Siku moja aliniuliza, "Wewe huumii?" Nilifikiri kwa muda ili nisimdanganye. Nikamwambia, "Sijui." Akageuka akaendelea kumenya ndizi.

Kwaresima ilipoanza nilipanda Kilema kumsaidia mama kupogoa kahawa. Nilimkuta bandani kwa ng'ombe, anakatakata mgomba kwa panga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda." Akakata vipande vingine. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Nasikia husali siku hizi."

Nilijua kaambiwa na mke wangu. "Sina la kusema, mama. Nikipiga magoti nasikia magoti tu."

"Na wewe ulidhani tunakwenda kwa Mungu kwa kuwa tunajua kusema?"

Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaweka panga chini.

"Unakumbuka baba yako alivyokosana na mdogo wake kwa sababu ya mpaka?"

Nilikumbuka. Nilikuwa mdogo. Walikaa muda mrefu hawasalimiani, na sisi watoto tulikatazwa kupita kwenye shamba la baba mdogo. Kisha siku moja baba mdogo alikuja, ametanguliwa na mzee mmoja wa ukoo aliyeshika jani la isale. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Kwetu, mtu akiletewa jani lake kuombwa msamaha, hakatai.

"Baba yako mdogo alisema nini siku ile?" mama aliuliza.

"Sikumbuki."

"Hakusema kitu. Aliona aibu hata kuinua uso. Alisimama nyuma ya yule aliyemleta, na yule ndiye aliyesema. Baba yako akatoka, akawakaribisha ndani wote wawili." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Sasa sisi tunaye Yesu. Kama huna neno, huna. Simama nyuma yake. Yeye analo, na Baba yake hawezi kumkatalia."

"Na nisiposikia chochote?"

"Tangu baba yako afe, unafikiri mimi nasikia nini? Naenda tu." Aliinuka, akanisukumia karai la mgomba. "Mpe ng'ombe, ana njaa. Umekuja kusaidia au umekuja kukaa?"

Ningependa kusema kwamba maneno yale yaliniamsha. Hayakuniamsha. Nilimlisha ng'ombe, nikapogoa kahawa mpaka jua likainama, nikashuka mjini. Lakini kesho yake asubuhi, nilipofungua karakana, kabla sijawasha mashine, nilisimama kati ya mbao na kusema kwa sauti ya kawaida, "Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina."

Ndiyo ilikuwa sala yote. Mwanzo wake sikuujua, wala katikati. Nilikuwa na mwisho tu, ule ambao maisha yangu yote niliupitia haraka kama mtu anayefunga mlango akitoka. Kesho yake nikasema tena, na siku iliyofuata. Sikuhisi kitu. Niliwasha mashine, vumbi likaruka, kazi ikaanza.

Ijumaa Kuu tulipanda Kilema, mimi na mke wangu. Kanisa lilijaa mpaka nje. Wakati wa kuabudu msalaba ulipofika tuliingia kwenye mstari, yeye mbele, mimi nyuma yake. Mstari ulikwenda taratibu. Mbele yetu bibi mmoja alivua kandambili zake akaziacha sakafuni, akaendelea kwa magoti, na watu wakamngoja.

Mke wangu alipofika aliinama akakaa pale muda mrefu. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nilitaka kumshika, nikamwacha.

Kisha ikawa zamu yangu. Kwa karibu niliona kwamba kiungo cha msalaba kimelegea kidogo na mtu amekijaza gundi ambayo haikulingana na rangi ya mbao. Niliona hivyo kwanza, kabla ya chochote, ndivyo nilivyo. Niliweka midomo kwenye miguu ya yule aliyetundikwa. Ilikuwa na baridi na harufu ya vanishi. Nikasema kimoyomoyo, "Siwezi kufika mwenyewe. Nipeleke."

Nikainuka nikampisha mtu wa nyuma.

Nje ukungu ulikuwa umeshuka, mlima hauonekani. Tulitembea kwenye njia ya kwenda kwa mama, tukipishana na watu wenye kanga mabegani.

"Umesali?" mke wangu aliniuliza.

"Nimesali."

"Umehisi nini?"

"Sijahisi kitu."

Tulitembea hatua kadhaa. "Mimi nimelia," akasema, "lakini hata mimi sijui kama nimehisi kitu. Machozi yanatoka tu siku hizi."

Nilimwambia maneno ya mama juu ya baba mdogo na isale. Nilikuwa sijamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo wewe umesimama nyuma?"

"Nafikiri hivyo."

"Sogea basi, tusimame wote," akasema, akaniwekea mkono wake kwenye kiwiko. Hatukuwa tumegusana hivyo tangu mazishi. Tulifika kwa mama tukiwa bado tumeshikana, naye akajifanya hakuona.

Bado sina maneno mengi. Kwenye jumuiya nimeombwa tena kufunga, nikasema mstari ule mmoja, na baba mmoja akacheka akisema fundi amekuwa mvivu. Nilicheka pia kidogo. Ganzi haijaisha, kuna siku nashika nyundo na sijui nimeishika kwa nini.

Ila juzi, asubuhi, nilipofungua karakana na kusimama kati ya mbao, kabla ya ule mwisho nilitaka kusema neno moja la mwanzo. Nilisubiri. Ni neno ambalo binti yangu alikuwa akiniitia mimi, kwa hiyo lilichukua muda kutoka.

"Baba," nikasema.

Nikakaa kwenye benchi. Mwenzangu aliingia na chupa ya chai, akaniona, akamimina vikombe viwili, akaweka kimoja karibu yangu, akaenda kuanza kazi yake.