Kidonge Kilichokatwa kwa Kisu cha Mboga

Nisameheni mwandiko huu na maneno niliyokosea. Niliishia darasa la nane na huandika polepole.

Mama alipokatwa titi, daktari wa kliniki moja ya mjini alituambia uvimbe ulipimwa ukaonekana una vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike. Huwa naona haya mbele ya wasomi, lakini nilimwomba arudie. Akasema homoni ikishikana na kipokezi ndani ya seli, viwili hivyo hukaa kwenye jeni na kuziamsha, nazo huiamuru seli izaane. Kidonge hukalia nafasi ya homoni, jeni zikabaki zimelala. Mama akimeze kila siku, kwa miaka.

"Kumbe ni kama kanisani," Mama alisema. "Ukiwahi kiti, aliyechelewa atasimama."

Nyumbani, mtaa wa Jamhuri, jirani yetu naye alikuwa na saratani ya titi. Uvimbe wake ulikuwa umepelekwa kupimwa, majibu bado. Siku moja aliingia jikoni kwetu.

"Dada, ugonjwa ni mmoja. Mbona dawa unakula peke yako?"

"Nani amekunyima? Keti."

Mama alikata kidonge kwa kisu cha mboga. Tangu hapo walimeza nusu nusu kila asubuhi, wakitaniana.

"Leo umejikatia kubwa, mwizi wewe!"

"Wacha wivu, meza."

Mimi niliosha kisu.

Majibu ya jirani yalipotoka, uvimbe wake haukuwa na vipokezi. Kidonge hakikupata kiti cha kukalia. Tulimzika kwao, magharibi mwa nchi, kabla ya masika.

Kisha Mama akatokwa na uvimbe kwapani, upande ule ule.

"Dawa ulimeza vizuri?" daktari aliuliza.

"Nilikula na mwenzangu."

Daktari aliweka kalamu chini.

Tukielekea nyumbani nilimuuliza Mama kama anajuta. "Ningemeza aje akiniangalia?" akasema, akavuta leso juu ya kifua.

Sasa anameza kizima. Daktari hajui kama kitaweza kuzilaza tena jeni zilizoamka, na mimi naogopa kumuuliza mara ya pili. Kama mama yako alimeza nusu ya dawa hii kisha akarudia nzima, tafadhali niandikie. Niambie kama bado yuko. Usinifiche.