Habari Iliyovuka Ngurumo

Katika kiwanda cha nguo cha Burnley, Uingereza, mitambo ilinguruma hata wafumaji wakazoea kusomana midomo. Clifford Ormerod alijifunza hapo utotoni, kando ya mama yake, Hannah, na ujanani akafuma naye. Siku ya kwenda vitani Ufaransa alimtania bila sauti kupitia dirisha la treni: "Mama, usilie. Kwa ufupi wangu huu, risasi zitanipita juu."

Mwezi Julai msimamizi alimwendea Edith, mfumaji wa mlangoni. "Mwana wa Hannah ameuawa. Nenda ukamwambie."

Hannah, upande wa pili wa ukumbi, alisoma kila neno. Akasimamisha mtambo, akajibu kwa midomo mitupu: "Nimeshajua, bwana. Usimtume Edith. Mwanawe naye yuko hukohuko vitani."