Watakaobaki Hadi Mwaka wa Nne

Mkurugenzi wa kiwanda chetu cha kukamua alizeti, hapa Singida Mjini, hakuwa na fedha za kutuongezea mishahara. Akatupatia sisi wafanyakazi watano haki ya kununua hisa za kampuni kwa bei ya siku ile, baada ya miaka minne. Ukiacha kazi kabla, huna chako. Mimi, mhasibu mzima, nilipiga makofi kuliko wote.

Mke wangu anafundisha Dodoma na watoto wako naye. Mwaka wa pili nikapata kazi hukohuko. Barua ya kunipa kazi niliificha kwenye droo; mke wangu nilimwambia bado nafikiria, kumbe nawaza hisa.

Kwenye vitabu vya hesabu, haki ile ni mshahara. Thamani yake hupimwa siku inapotolewa, kisha kila mwaka naandika robo yake kuwa gharama, ingawa hakuna shilingi iliyotoka. Wanasema ahadi ni deni. Hii hata deni haikuwa. Upande wa pili wa hesabu iliingia kwenye mtaji wa kampuni, si kwenye madeni. Bei ya mafuta ya alizeti ilipoanguka, hisa zikawa hazifiki hata nusu ya bei tuliyopewa. Kanuni ya uhasibu haijali hilo. Niliendelea kuandika kwamba nimelipwa.

Jumapili moja nilimweleza baba, kijijini Ilongero. Baba ametunza ng'ombe wa watu tangu ujana: unalisha, na baada ya miaka mwenye mali anakupa ndama. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mtu akikuwekea ng'ombe, maziwa unakunywa kuanzia siku hiyo," alisema. "Wewe huko unakunywa nini?"

Nilimjibu kwa hasira kwamba mambo ya kampuni si ya zizini. Nilipopanda bodaboda kurudi mjini niliona aibu.

Wiki hiyo tulifunga hesabu za mwaka. Mkaguzi alitaka makadirio: kati ya watano, wangapi watabaki hadi mwaka wa nne? Anayetarajiwa kuondoka, gharama yake haiandikwi. Mkurugenzi alikuwa ameketi kando yangu, akatania kwamba mhasibu wake hana pa kwenda. Nikisema wanne, angeuliza nani anaondoka. Nikisema watano, nimejifunga kamba mwenyewe. Mwisho wa kuijibu barua ya Dodoma ulikuwa siku hiyo.

"Watano," nilisema.

Mkaguzi akaandika. Mke wangu alikuwa amesubiri miezi miwili kujua kama nitahamia Dodoma, na alikuwa bado hajaambiwa.