Misumari ya Seng'enge Juu ya Kitanda cha Mtoto

Siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu, mwanangu, ni ile niliyosimama chini ya ngazi, tumbo mbele, nikimharakisha mume wangu amalize paa.

Ilikuwa miaka ya sitini, hapa hapa Nyamache. Ondieki, mume wangu, alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Kericho, akaona nyumba zilizoezekwa kwa vigae vya mbao, akaapa kwamba na yetu itakuwa hivyo. Alivipasua vigae mwenyewe. Siku ya mwisho misumari ikamwishia, na upande mmoja bado uko wazi. Mingine ilikuwa dukani Masimba, na jua lilikuwa linashuka. Mimi nilikuwa nimechoka kuishi kwa mama mkwe, na enzi hizo nilikuwa na mdomo, usinione nimetulia sasa. Nikaleta kopo la misumari ya seng'enge, ile mifupi iliyopinda, yenye miguu miwili, iliyobaki tulipowazungushia ng'ombe ua.

"Piga hii," nikamwambia. "Kwani si chuma?"

Baba mkwe, fundi wa siku nyingi, alikuwa akipita njiani. Kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala hapandi paa lake. Ni mwiko mkubwa. Kwa hiyo akasimama langoni.

"Ondieki, hiyo ni ya kuzuia ng'ombe. Miguu yake itapasua mbao, na ni mifupi, haitashika fito. Ngojeni kesho niwaletee misumari."

"Tata," nikamjibu baba mkwe kabla mume wangu hajafungua kinywa, "kesho nitakuwa nimezaa hapa uani."

Sikupaswa kumjibu vile. Alilitazama paa, akaenda zake. Ondieki akapiga misumari ya seng'enge.

Nyaboke wangu alikuwa na wiki mbili mvua ya mawe ilipotushukia mchana, babake akiwa Kenyenya. Upande ule ule ukaanza kupasuka juu ya kitanda. Nilimnyakua mtoto, na kigae cha kwanza kikaangukia mto aliokuwa amelalia. Nikaingia naye chini ya meza. Mawe yakamiminika ndani, vigae vikawa vinaanguka kati yangu na mlango. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa hadi nikasahau kuomba.

"Mama Nyaboke!" Baba mkwe alikuwa mlangoni, kigoda kichwani, mawe yakimpiga mabegani. "Njoo huku! Mimi siwezi kuingia!"

"Vigae vinaanguka, Tata! Siwezi kutoka!"

Nikaona mguu wake ukivuka kizingiti. Ukarudi. Ukavuka tena, na safari hii haukurudi haraka. Hapo ndipo niliposhikwa na aibu. Mzee wa watu alikuwa tayari kuvunja mwiko alioushika maisha yake yote, kwa sababu mimi sikutaka kulala kwa mama mkwe usiku mmoja zaidi.

"Usiingie, Tata! Nakuja!"

Nikakimbia nimejikunja juu ya mtoto. Kigae kikanichana hapa juu ya jicho, na hili ndilo kovu mnaloniuliza kila siku. Nikamweka Nyaboke mikononi mwake. Akamfunika kwa koti lake, na kile kigoda akanipa mimi.

Hakuniambia hata siku moja kwamba alinionya. Kesho yake nilikuta misumari imefungwa kwa gazeti, imewekwa langoni, pale pale aliposimama siku ile.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukijenga, tumia kitu kilichotengenezewa kazi hiyo, na kama hakipo, ngoja. Na mzee akikuonya kutoka nje, usikimbilie kumjibu. Pengine hawezi kuingia kukurekebishia, na sauti ndiyo pekee aliyo nayo. Mimi nilitakiwa kungoja usiku mmoja tu, ukanishinda.

Mungu akupe nyumba isiyovuja. Akupe na mtu wa kusimama langoni kwako, na masikio ya kumsikia kabla mvua haijafika.