Mashina Mawili ya Asumini

Watu wa leo wanapita kando ya bustani ya mji wetu, hapa Pemba, wanatazama mabenchi ya saruji yaliyomeguka, na wanasema pale pangejengwa maduka. Mimi hunipanda hasira. Bustani yenyewe ni ndogo, unaizunguka yote kabla jasho halijakutoka. Lakini nimefika Unguja, nimefika Dar es Salaam, nimeonyeshwa mengi, na bado sijaona mahali pa kushindana nayo.

Serikali ya wakati ule ilitoa kiwanja, bomba la maji na hayo mabenchi. Mimea waliileta wanawake wa mji, kabla mimi sijazaliwa, kila nyumba na mche wake wa asumini, wakaipanda kando ya uzio. Wanawake wa kutawa, ambao mchana hata kivuli chao hakikuonekana barabarani, ndio waliotia harufu katikati ya mji. Maduka tunayo tele, urithi kama huo tunao mmoja.

Kila shina lilijulikana ni la nyumba ipi, ila maua yalikuwa ya wote. Akiolewa msichana, awe wa nani, asumini za koja lake la shingoni na za kitandani zilitoka pale, na kila shina lilitoa fungu lake. Mzee mtunza bustani, ambaye wazazi wake walitoka bara, alizichuma alasiri zikiwa bado vitumba, akazichanganya zote katika pakacha moja. Bibi harusi hakujua ua lipi limetoka kwa nani. Nilipokuwa mdogo nilidhani dunia nzima inaozesha hivyo.

Shina la bibi yangu, mzaa mama, lilikuwa karibu na bomba. Pua na mdomo nalo lilikuwa shina la jirani yake. Waliyapanda siku moja, na binti zao, yaani mama yangu na binti wa jirani, walikua pamoja wakawa mashoga wa kufa na kuzikana.

Kisha ikaingia siasa. Mwanzoni mwa miaka ya sitini mama alikuwa chama hiki, shoga yake chama kile, na mwaka mzima ukapita hawasalimiani. Watu walikuwa hawazikani, hawaalikani harusini. Mimi nilikuwa nimeshaposwa, na nilisikitika kwamba mwanamke aliyenilea kama mwanawe hatakuwapo siku yangu.

Mwezi mmoja kabla ya harusi, mama alisikia kuwa shina la bibi limechumwa kwa harusi ya upande wa pili. Kwa desturi ilikuwa haki yao, lakini mama hakutaka kusikia la desturi.

"Nti wa mamangu hauwapambi wale," alisema, yaani mti wa bibi. "Bora nkaung'oe."

Tulikwenda wakati wa adhuhuri, mtunza bustani akiwa msikitini. Mama alificha jembe ndani ya buibui, mimi nyuma yake nikiomba tusionekane. Alilima kwa ghadhabu mpaka shina likatoka na mizizi yake. Alikuwa bado anatweta mzee alipotokea na kofia yake mkononi. Hakugomba. Alilitazama shimo, kisha akasema taratibu, "Bi, la mama yako ni hili lililobaki. Hilo ulilong'oa ni la wenzako."

Matawi yalikuwa yamesukana miaka na miaka, na mtu mwenye hasira hafuati tawi mpaka shinani. Mama alilirudisha shimoni, akashindilia udongo kwa mikono, mzee akamwagia maji. Halikupita juma likanyauka.

Tangu siku ile mama hakuwa mtu wa kula. "Tulikuwa tumenuniana tu," aliniambia. "Kununa kuna mwisho. Hili akilijua, hatokanyaga kwangu mpaka nife." Kila asubuhi alisema leo atakwenda kumwambia, na kila jioni alikuwa hajakwenda.

Siku ya harusi, alasiri, uani palijaa wanawake wakisubiri maua. Mimi nilikuwa ndani, nachungulia dirishani. Pakacha likaingia, na aliyelibeba alikuwa shoga yake mama. Wanawake walimpisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka wa mama, akaketi, akachukua sindano na uzi.

"Sikuja kwa chama," alisema. "Nimekuja kuntungia mwanangu."

Nililia pale pale dirishani kwa furaha. Mama yeye alitunga vitumba vitatu, mikono ikamsimama.

"Nti wa mamako," alisema mbele ya watu wote, "nimeung'oa mimi."

Mwenzake hakuinua macho. "Najua. Mzee kanambia siku ile ile."

"Mwezi mzima unajua, na umenyamaza?"

"Nlikuwa nakungoja useme."

Mama akaangua kilio cha sauti, siku ya harusi yangu, na hakuna aliyemkataza. Mwenzake alimwachia bega alilie, huku mikono yake inaendelea kutunga, mpaka koja langu likatimia.