Sahihi ya Kwanza kwenye Karatasi ya Kodi

Mama alikuwa anahudumia wazee majumbani mwao. Kwa bibi, kwenye simu, aliieleza kazi hiyo hivi: anaogesha, analisha, anawageuza kitandani wasipate vidonda. Mwajiri wake alikuwa Mkenya mwenye kampuni ndogo Wheaton, huku ughaibuni tunakoishi, ghorofani juu ya duka la viatu, na alikuwa pia mzee wa kanisa tunakosali. Mimi nilimwogopa. Alikuwa na kawaida ya kuniuliza mambo ya shule mbele ya watu, na mbele ya watu mimi sauti hunikauka.

Mwaka ule kaunti ilitaka kuwatoza waajiri kodi kwa kila mfanyakazi waliye naye. Waajiri wakakataa, wakatoa karatasi za kukusanya sahihi. Wananchi wa kutosha wakisaini, jambo linaingia kwenye kura ya Novemba, na wapiga kura wakikubali, kodi ya namna hiyo inapigwa marufuku kabisa. Bosi aliwagawia wafanyakazi karatasi siku ya mshahara. Alisema kodi ikipita atapunguza watu, na hakuhitaji kusema ataanza na nani. Mama ndiye aliyekuwa ameajiriwa wa mwisho.

Hakuweza kupoteza kazi wakati ule. Alikuwa ameomba uraia na tarehe ya usaili ilikuwa imeshapangwa. Uraia wenyewe hakuutaka kwa ajili ya bendera. Mdogo wangu alikuwa bado Singida kwa bibi. Tulimwacha hajaanza kutembea, na sasa alikuwa darasa la pili. Mama mwenye kadi ya kijani, ile ya ukaazi tu, hupanga foleni ya miaka kumleta mtoto wake. Mama raia hapangi foleni. Hilo nyumbani tulilijua kama namba yetu ya simu.

Karatasi ilikaa juu ya friji mpaka ulipotokea msiba Germantown. Mtanzania mwenzetu alikuwa amefiwa na kaka yake huko nyumbani, watu wakajaa sebuleni kwake, sisi wasichana tukawa jikoni tunamimina chai. Msibani kwetu karatasi haikosi kuzunguka. Mara nyingi ni ya mchango wa nauli ya mfiwa, na desturi ni kwamba anayeileta ndiye anayeifungua: anaandika jina lake juu kabisa, ndipo anampa jirani. Ukileta karatasi tupu unaonekana unawatanguliza wenzako huku wewe umejificha. Basi ile ya mchango ilipomaliza kuzunguka, Mama alitoa yake kwenye mkoba, akaandika jina lake mstari wa kwanza, na anwani, akasaini, akampa mzee aliyekaa karibu naye.

Mzee aliuliza hii nayo ni ya nini tena. Mama akamwambia kaunti inataka kuleta kodi ya kichwa.

"Kodi ya kichwa?" Mzee alicheka, na hakuna aliyekuwa amecheka siku ile. "Babu yangu alilala porini kwa kuikimbia hiyo. Mkoloni ametufuata mpaka Germantown? Lete kalamu, binti yangu."

Baada ya hapo hakuna aliyesoma. Walisaini huku wakizungumza habari za marehemu. Baba mmoja aliandika na jina la mkewe aliyekuwa kazini, asije akaonekana hakushiriki. Karatasi ilirudi imejaa, na tukiwa njiani kurudi Mama aliimba. Kwa kawaida Mama haimbi akiendesha gari.

Wiki kadhaa zikapita. Jumapili moja, baada ya ibada, bosi alitufuata kwenye maegesho. Ofisi ya uchaguzi ilikuwa imepitia karatasi na kukuta majina mengi ya ile ya Mama hayamo kwenye daftari la wapiga kura, kuanzia la juu kabisa. Hakukasirika. Alikuwa anatabasamu.

"Aki mama, kumbe wewe bado si raia? Si ungeniambia tu. Lakini hakuna shida, zile zingine zimetosha."

Akaingia kwenye gari lake akaondoka. Mama alibaki amesimama, funguo mkononi, mpaka maegesho yakaisha watu.

Tulikwenda kwa mwanasheria mmoja anayesaidia wahamiaji bure, chumba cha chini cha kanisa lingine. Mama anajua Kiingereza cha kazi, lakini cha mambo mazito hukiogopa, kwa hiyo alinichukua. Mwanasheria, mwanamke wa Kizungu, alikuwa na mafua. Alituonyesha maandishi madogo juu ya karatasi: sisi tuliosaini hapa ni wapiga kura tulioandikishwa. Na anayeandikishwa ni raia tu. Halafu akatuonyesha swali kwenye fomu ya uraia, linaloulizwa tena kwenye usaili: je, umewahi kudai kwa maandishi kwamba wewe ni raia? Mama akijibu ndiyo, wanaweza kumwondoa nchini. Akijibu hapana, amedanganya, na karatasi ipo. Ushauri wake ulikuwa kuondoa ombi na kutulia, miaka ipite bila kuwachokoza. Hakuahidi kwamba miaka itasaidia.

Muda wote Mama alikuwa ananitazama mimi. Naandika Kiswahili vizuri kuliko ninavyokisema. Mdomoni nina maneno ya chakula na ya kugombezwa, na siku ile hayakutosha.

"Mama, amesema uache."

"Niache nini?"

"Uraia."

"Na mtoto?"

Nilimuuliza mwanasheria kuhusu mtoto. Alijibu kwa neno moja, foleni, na sikulitafsiri, maana neno hilo Mama alilijua kwa Kiingereza.

Novemba kura ikapita na kodi ikakatazwa. Bosi alileta keki kanisani, akawashukuru waliosaidia, akamwomba Mama asimame. Watu walipiga makofi. Mama alisimama kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, akakaa. Kazi yake haikuguswa, kesho yake asubuhi alikuwa Beltsville anamgeuza mzee wake. Mimi nilitamani kura ingeshindwa, hata kama Mama angepoteza kazi na tungehama nyumba.

Mchana wa Jumapili hiyo hiyo ya keki ndipo tulipopiga simu Singida, kwani Mama alikuwa ameahirisha kila wiki. Alimweleza bibi, kisha akanipa simu, akaingia bafuni akafungua bomba. Mdogo wangu alikuja kwenye simu. Nilimwambia safari imesogezwa. Akauliza mpaka lini, nikasema sijui.

Halafu akaniambia jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuambia: shuleni kwao wote hunyoa, ila bibi alimwombea ruhusa afuge nywele, ili akifika huku Mama amsuke.

"Basi kesho nitanyoa," alisema. "Mwalimu ameshanisema sana."