Trekta Lililopimwa kwa Mpini

Juzi dukani Korogwe nilikuta wajumbe watatu wa kijiji chetu kimoja cha ujamaa, wamekuja kuchagua trekta dogo kati ya mawili. Muuzaji alisifia injini, wazee wawili wakaitikia kwa vichwa. Mwenzao, mama wa makamo, akainama na mpini wa jembe aliokuja nao, akapima matrekta yote mawili toka gurudumu hadi gurudumu.

"Mama, unapima nini?" muuzaji akauliza.

"Mistari ya mahindi tunaipanda kwa kipimo cha mpini huu. Hili magurudumu yake yatapita katikati ya mistari. Lile litakanyaga."

"Lakini lile lina nguvu zaidi!"

"Za kukanyagia?"

Wakachukua hili. Tangu hapo, mtaalamu akinisifia mpango wowote, macho yangu yanatafuta mpini.